Kiendelezi cha Chrome nikikiondoa leo, kesho kipo. Nipige chini Windows?

sakina_desk
Wakuu, heshima zenu. Ofisi yetu ya safari hapa Arusha ina kompyuta tatu, zote Windows 10 na Chrome. Mbili hazina neno. Ya tatu, ya meza ya booking, imenishinda. Nikitafuta kitu kwenye mstari wa anwani, unapita kwanza ukurasa nisioujua, kufumba na kufumbua niko Yahoo. Google nairudisha kwenye mipangilio, haikai. Fomu ya malipo ya mteja inabaki nyeupe. Kona ya chini kulia matangazo yanaruka hata nikiwa nimeishusha Chrome.

Kuna kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya Chrome) cha kugeuza PDF kuwa Word, nikikiondoa kinarudi. Sasa hivi hata kitufe cha kukiondoa kimepauka, na chini kabisa ya menyu pameandikwa "Managed by your organization". Hatuna mtu wa IT, organization yenyewe ni bosi na sisi wanne. Kwenye incognito (dirisha la faragha) fomu inafunguka vizuri, ila Yahoo iko pale pale. Viendelezi jumla ni 14. Nipige chini Windows, niiweke upya?

ngarenaro_pc
Usiguse Windows, mkuu. Hapo una wagonjwa watatu kwenye kitanda kimoja, kila mmoja ana dawa yake: matangazo, Yahoo pamoja na kiendelezi, na fomu. Naanza na wawili wa kwanza.

Matangazo ya kona si kiendelezi. Hizo ni arifa: kuna siku mtu alibonyeza "Allow" kwenye tovuti fulani ili video icheze. Fungua chrome://settings/content/notifications, futa kila tovuti usiyoitambua kwenye orodha ya walioruhusiwa. Dakika moja.

Yahoo na kiendelezi kinachorudi ni kitu kimoja: sera. Kuna programu imeandika sera kwenye rejista ya Windows (hazina ya mipangilio yake), na Chrome inatii ikidhani ni maagizo ya mwajiri. Ndiyo maana kitufe kimepauka, na ndiyo maana incognito haikusaidii kwa Yahoo. Viendelezi havifanyi kazi incognito mpaka uviruhusu mwenyewe, lakini sera inafanya kazi kotekote. Andika chrome://policy. Ukiona ExtensionInstallForcelist (orodha ya viendelezi vinavyolazimishwa), mbele yake pana herufi 32, zote kati ya a na p. Hicho ndicho kitambulisho cha kiendelezi. Washa swichi ya msanidi (Developer mode) kule chrome://extensions ulinganishe. Majina yanayoanza na DefaultSearchProvider ndiyo yanayokupeleka Yahoo.

Sasa utaratibu, na usiupindue. Anza na programu iliyoandika hizo sera, la sivyo utafuta asubuhi, mchana zimerudi. Windows+R, andika appwiz.cpl ufungue orodha ya programu, panga kwa tarehe, angalia kilichoingia siku moja na hicho kigeuzi. Kiondoe. Pitia na taskschd.msc (ratiba ya kazi za Windows), mara nyingi huacha kazi ya kujiamsha kila kompyuta ikiwaka. Halafu ingia regedit, kihariri cha rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha njia hiyo hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi nakala kwanza kwa kulia-klik na kuchagua Export. Futa zile ulizoziona tu. Rudi chrome://policy, bonyeza kitufe cha kupakia sera upya, funga Chrome yote na uifungue.

Angalizo: baadhi ya antivairasi nazo huweka sera zake humo. Soma kabla ya kukata.

majengo_moshi
Kwani ugomvi wote huo wa nini? Hamia Firefox.

ngarenaro_pc
Programu iliyoharibu Chrome bado iko kwenye Windows, na Firefox nayo ina sera zake, angalia about:policies. Kwa fomu nyeupe sawa, Firefox ina njia nzuri ya kupima: shikilia Shift unapoifungua, itakuuliza kama uingie hali ya utatuzi (Troubleshoot Mode), inayozima viendelezi. Ila hali hiyo inazima pia uharakishaji wa maunzi (kadi ya picha kusaidia kuchora ukurasa). Tatizo likiisha, usikimbilie kulaumu kiendelezi.

kiborloni_net
Naongezea kwenye fomu. Kwa kuwa incognito inafunguka, mshukiwa ni kiendelezi, au kuki zilizooza (vifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi kwenye brauza), kwa sababu incognito inaanza bila kuki pia. Ukitaka kutenganisha, fungua fomu kwenye dirisha la kawaida, bonyeza F12, ingia Console, pakia ukurasa upya. Mstari mwekundu wenye ERR_BLOCKED_BY_CLIENT maana yake ombi limezuiwa humo humo ndani ya brauza, halikufika hata kwenye ruta. Intaneti yako haina kosa.

Kumpata nani kati ya 14, usizime kimoja kimoja. Zima saba, pakia upya. Fomu ikifunguka, mhalifu yumo kwenye saba ulizozima. Isipofunguka, yumo kwenye zilizobaki. Gawa tena. Raundi nne umemshika. Njia hii inakwama pale viwili vinapogombana, hasa vizuia matangazo viwili. Hapo baki na kimoja.

sakina_desk
Asanteni sana wakuu. Kwenye sera kulikuwa na mistari miwili, na appwiz.cpl ikaonyesha "kigeuzi" kilichoingia siku ile ile. Nimeondoa vyote, Google imekaa, maneno ya "Managed" yamepotea. Console ilijaa ERR_BLOCKED_BY_CLIENT, kweli vilikuwepo vizuia matangazo viwili. Nimebaki na uBlock Origin Lite. Ila akaunti hii ya Google iko pia kwenye laptop ya nyumbani. Je, kile kigeuzi hakitarudi?

kiborloni_net
Kinaweza. Ukikiondoa wakati usawazishaji (sync) wa akaunti umezimwa, laptop haijui, na ukiuwasha kinashuka tena. Ingia kwenye laptop yenyewe, kiondoe huko pia, na uangalie chrome://policy yake.

Halafu kuna hili ambalo watu wanaliruka. Kufuta hakurudishi kilichokwisha kusomwa. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kiliona kila ulichoandika kwenye fomu. Na kuwemo kwenye duka la Chrome si kinga: The Great Suspender kilikuwa kizuri kabisa, kikabadilisha mmiliki 2020, Google ikakizima Februari 2021 kwa sababu kilikuwa na msimbo hasidi.

Kwa hiyo badilisha nywila kutoka kompyuta nyingine, si hiyo ya booking, na utoe vifaa vyote kwenye akaunti, kwa sababu mtu mwenye kuki ya kikao (inayoonyesha tayari umeingia) haulizwi nywila. Ofisi za safari zinatuma ankara kwa barua pepe, basi fungua mipangilio ya Gmail, sehemu ya vichujio na ya kusambaza barua. Ukikuta kichujio ambacho hukukiweka, hasa kinachosambaza au kuficha barua zenye neno "invoice" au "payment", kifute, kisha wapigie simu wateja ambao hawajalipa, muwahakikishie namba ya akaunti ya benki kwa mdomo.

Viendelezi vilivyobaki, ingia maelezo ya kila kimoja, badilisha ufikiaji wa tovuti kutoka zote kwenda "unapobofya". Kiendelezi cha kukokotoa dola, kwa mfano, hakina kazi yoyote ndani ya barua pepe yako.