MJADALA: "Sukari 20" ya nini? Mifumo yote ya hospitali ilazimishwe kutumia misimbo sanifu?

Mleta mada

Wakuu, nianze na namba moja tu. Mgonjwa kahamishwa usiku kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Taarifa zake zimemtangulia kwa kompyuta. Hajitambui, hawezi kujieleza, na kwenye skrini pameandikwa: "Sukari 20".

Ishirini ya nini? Kama ni milimoli kwa lita, sukari imepaa na daktari anaanza kufikiria insulini. Kama ni miligramu kwa desilita, sukari imeshuka mno, na insulini hapo ni kummalizia. Anachohitaji ni glukosi ya mshipani sasa hivi. Vizio vyote viwili vinatumika duniani, na milimoli moja ya glukosi kwa lita ni kama miligramu 18 kwa desilita. Kompyuta zilikuwa nzima, mtandao haukukatika, ujumbe ulifika. Maana haikufika.

Wengi wanadhani mifumo ikishaunganishwa kazi imekwisha. Hapana. Kuna bahasha na kuna barua. Kanuni kama FHIR, inayotolewa na HL7, shirika la kuweka viwango vya kubadilishana taarifa za afya, hupanga bahasha: jina likae wapi, tarehe wapi, jibu la maabara wapi. Barua yenyewe inataka istilahi ambazo pande zote mbili zinazielewa vilevile. Kwa vipimo vya maabara kuna LOINC, iliyoanzishwa 1994 katika taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis. Humo glukosi ya kwenye seramu au plazma ikitolewa kwa milimoli ina namba yake, 14749-6, na ikitolewa kwa miligramu ina nyingine, 2345-7. Tuma namba hiyo pamoja na kizio chake, hakuna wa kuuliza "ya nini".

Hoja yangu: iwe sharti la kisheria. Mfumo usiotuma na kupokea kwa misimbo sanifu, yaani namba za pamoja kama hizo, usiruhusiwe kuuzwa. Karibuni mnipinge.

Nesi wa Zamu

Mleta mada, kwa heshima zote, huyo mgonjwa wako mimi ningemtoboa kidole nikampima upya. Haifiki dakika moja. Hakuna nesi mwenye akili zake anayechoma insulini kwa kusoma skrini iliyotoka kwingine.

Ninachouliza ni hiki: hiyo misimbo ataiingiza nani? Jibu mnalijua. Mahali nilipokuwa zamani mfumo haukukuruhusu ufunge faili mpaka uchague ugonjwa kwenye orodha. Mtu kaja tumbo linamsokota, bado hatujajua ana nini, lakini lazima apewe jina la ugonjwa ili faili lifungwe na anayefuata aingie. Unaandika "tumbo", orodha inashuka kama mvua, unabofya la juu. Wote tulifanya hivyo. Mwisho wa mwezi ripoti ikaonyesha vidonda vya tumbo vimeongezeka, watu wakaitwa kikaoni. Havikuongezeka chochote. Ndivyo vilivyokuwa juu ya orodha.

Mwandiko mbaya unautilia shaka, unampigia simu aliyeandika. Msimbo nani anaupigia simu? Ukishaingia unatembea na mgonjwa maisha yake yote, umenyooka, una namba nzuri, na ni wa uongo.

Mtunza Takwimu

Naunga mkono hoja, ila tutenganishe vitu, maana naona vinapikwa chungu kimoja. Orodha iliyomtesa dada Nesi bila shaka ni ICD, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. ICD haikutungwa kwa ajili ya mgonjwa aliye kitandani. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo aliyoiandaa Mfaransa Jacques Bertillon, ikapitishwa 1893 na wanatakwimu waliokutana Chicago. Shirika la Afya Duniani liliipokea 1948, na toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Ni kazi ya kuhesabu: kila tukio litiwe kwenye kapu moja, lisihesabiwe mara mbili. Ndiyo maana ina makapu mengi ya "isiyobainishwa", kama B54 ya malaria katika toleo la 10.

SNOMED CT, istilahi ya kuandikia faili la mgonjwa, ni mnyama mwingine. Ilizaliwa 2002 kwa kuunganisha istilahi za wanapatholojia wa Marekani na zile za Uingereza zilizotokana na misimbo ya Read. Ina dhana zaidi ya 350,000, na imekusudiwa kubeba kile alichokiona mhudumu, hata kama bado hakina jina la ugonjwa.

Na dada Nesi, hata ICD-10 yenyewe ina R10, maumivu ya tumbo na fupanyonga, kwa mgonjwa kama huyo wako ambaye bado hajajulikana ana nini. Aliyetengeneza mfumo wenu ndiye aliyeifukia chini ya orodha. Mlaumuni huyo. (Wamarekani kwenye toleo lao wana hata msimbo wa mtu aliyepigwa na bata, W61.62. Sitanii. Kwa hiyo nafasi ya tumbo linalosokota haikosekani.)

Mgonjwa Sugu

Mimi si mtaalamu, mimi ndiye ninayeandikwa. Kuna Mmarekani mmoja, Dave deBronkart, aliyenusurika saratani ya figo. Mwaka 2009 alihamishia taarifa zake Google Health, huduma ya Google ya kutunza taarifa za afya, enzi hizo ikiwepo. Zilipofika akajikuta na magonjwa ambayo hakuwahi kuambiwa kuwa anayo, pamoja na saratani iliyosambaa hadi kwenye ubongo au uti wa mgongo. Ilikuwaje? Kilichohamishwa kilikuwa misimbo ya bili. Ilibandikwa ili bima ilipe, na haikubandikwa ili mtu aeleze anaumwa nini. Mifumo ilielewana vizuri sana, tena kwa misimbo sanifu.

La pili. Katika ICD-10, B20 hadi B24 ni VVU. Zamani siri yangu ilikuwa kwenye faili moja, kabati moja, chumba kimoja, na anayetaka kuisoma alipaswa kuja kuitafuta. Ikishakuwa msimbo, mashine yoyote iliyopewa mlango inachambua watu milioni kwa sekunde na kutoa orodha. Mnasema "kushirikishana taarifa" kana kwamba taarifa ni zenu. Mimi sijaulizwa.

Mkongwe wa Maabara

Mnabishana juu ya sheria, mimi niwaonyeshe shughuli yenyewe ilipo.

Tuliwahi kukaa watatu maabara na orodha ya majina yote ya vipimo vilivyokuwa kwenye mfumo wetu, tukikitafutia kila kimoja namba yake ya LOINC. Tukafika kwenye "HB". Ilikuwa imeandikwa mara nne. Ya kwanza ni hemoglobini, wingi wa damu, haina ubishi. Ya pili ni hemoglobini hiyohiyo, lakini kutoka mashine nyingine inayotoa jibu kwa gramu kwa lita, kwa hiyo palipotakiwa 12 panasomeka 120. Ya tatu ni HbA1c, ile ya kuangalia sukari ilivyokwenda kwa miezi miwili mitatu. Nafasi ya jina ilikuwa finyu, mtu akakata mkia. Ya nne ni kipimo cha hepatitisi B.

Tungemwachia kijana wa kompyuta peke yake, zote nne angezipa 718-7, namba ya hemoglobini, na kuanzia siku hiyo mwenye homa ya ini angepelekwa rufaa na karatasi inayosema "Hemoglobini: chanya". Tulicheka, lakini ilibidi tumtafute mama mmoja aliyekwisha kustaafu atuambie ile ya nne iliingizwa lini na kwa nini.

LOINC inakuuliza mambo sita: unapima kitu gani, sifa ipi ya kitu hicho, kwa wakati mmoja au kwa saa 24, kwenye sampuli gani, jibu ni la aina gani, na mara nyingine kwa mbinu gani. Hakuna programu itakayokujibia hayo kama jina lililopo ni "HB". Halafu mashine ikibadilishwa, unarudi tena mezani. Kwa hiyo mleta mada, sheria yako ikitoka kesho, watu watajaza namba ili wapite ukaguzi. Nawajua. Tumeishi nao.

Mpiga Hesabu

Kwa kifupi tu. LOINC ni ya bure. SNOMED CT siyo: nchi mwanachama inalipa ada kulingana na uchumi wake, na kwenye nchi isiyo mwanachama anayetaka kuitumia anatafuta leseni mwenyewe. Kuna kifurushi kidogo wanachokitoa bure, lakini ni kidogo. Sheria ikisema "msiotimiza msiuze", watengenezaji wadogo wanafunga, wanabaki wawili watatu wakubwa, na hao ndio waliozoea kufungia taarifa za wateja wao ili wasihame. Utakuwa umewapa soko kwa kisingizio cha kulifungua.

Mleta mada

Nimesoma zote. Nesi, hapo kwenye kutoboa kidole umenipata. Mfano wangu ulikuwa rahisi kupita kiasi.

Ila nikupe mingine. Faili linasema mgonjwa alivimba uso akakosa pumzi baada ya penisilini. Hilo utalipima upya kwa kutoboa kidole gani? Faili linasema uvimbe uliotolewa miaka mitano iliyopita ulikuwa wa aina fulani ya saratani. Uvimbe wenyewe haupo, ulishakatwa. Au mgonjwa anatoka Marekani na orodha yake ya dawa ina acetaminophen, wewe unamwandikia paracetamol. Ni dawa ileile. Mfumo usiojua hivyo unakaa kimya, dozi zinarundikana, na ini ndilo linalolipa. Kuna mambo mengi kwenye faili la mgonjwa ambayo hayapimiki mara ya pili, na hayo ndiyo ninayotaka yafike yakiwa na maana yake.

Lakini nabadilisha pendekezo langu. Sheria isimguse anayemhudumia mgonjwa. Imguse aliyetengeneza mfumo. FHIR yenyewe imeruhusu hivyo: mahali pa kuandika ugonjwa au kipimo pana sehemu mbili zinazosafiri pamoja, msimbo, tena hata zaidi ya mmoja, na maneno ya mwandishi kama alivyoyaandika. Basi iwe marufuku kutuma msimbo na kuyatupa maneno. Nesi akiandika "tumbo linasokota tangu jana, halijajulikana", sentensi hiyo ifike, na msimbo uwe pembeni yake kama mtumishi. Msimbo wa bili ubaki kwenye bili. Ukiingia kwenye faili la matibabu uwe na lebo inayosema ulikotoka. Na jedwali la maabara lisainiwe na mtu wa maabara, kwa jina, ili siku "HB" ikienda kombo ajulikane wa kuulizwa. Mkongwe, hapo nimekusikia.

Mpiga Hesabu, kwa kuanzia sharti liwe kwenye vipimo, mzio na dawa tu. Vipimo vina LOINC ya bure, na dawa zina majina ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani ambayo hayana mwenyewe.

Mgonjwa Sugu, kwako sina jibu la kukuridhisha. Lebo za usiri zinaweza kusafiri na taarifa, lakini lebo haina meno kama anayepokea halazimiki kuiheshimu. Huko kunahitaji sheria nyingine, na kwa maoni yangu itangulie hii ninayoidai.

Mgonjwa Sugu

Itangulie. Umesema mwenyewe, nimepiga picha.

Nesi wa Zamu

Kidogo tunaelewana. Nina swali moja, fundi. Mimi nusu ya kazi yangu ni "nashuku". Nashuku homa ya mapafu, nashuku mimba imetunga nje, halafu kesho inakuwa siyo. Misimbo yenu ina mahali pa kuandika nashuku, au nikishabofya nimehukumu?

Mleta mada

Mahali papo. Kwenye FHIR kila utambuzi unaweza kubeba hali yake: wa muda, uliothibitishwa, uliokanushwa. Ukikanushwa kesho, rekodi inaonyesha umekanushwa. Tatizo ni kwamba mtengenezaji anaweza kuamua asikiweke hicho kitufe kwenye skrini yako.

Nesi wa Zamu

Sasa sheria yenu ianzie kwenye hicho kitufe. Nitaiunga mkono siku nitakayokiona, saa nane za usiku, foleni imefika mlangoni, na nikikibofya faili linafungwa.