Naomba ushauri: benga ya dakika nane itaingiaje kwenye santuri ya inchi 7?

Hamjambo wadau. Niko Kondele, Kisumu. Bendi yetu imerekodi kibao cha benga cha dakika nane na tunataka kukifyatua kwa santuri, maana muziki huu ulikulia humo. Tangu viwanda vipya vya santuri vianze kufunguliwa, kama kile cha mwanamuziki wa roki Jack White kule Detroit, Marekani, mwaka 2017, hata sisi wadogo tumepata tumaini. Kiwanda nilichokiandikia Ulaya hakishuki chini ya nakala 300, sawa, tutachanga.

Kinachonikwamisha ni muda. Inchi 7 kwa mizunguko 45 kwa dakika hubeba vizuri dakika nne hivi kila upande. Ukizidisha, mifuo (ile mistari inayobeba sauti) inabanana, sauti inashuka na besi lazima ipunguzwe. Na benga bila besi si benga! Nimejaribu kuugawa wimbo nusu kwa nusu, sehemu ya kwanza na ya pili kama zamani, ila mkato unaangukia pale gitaa linapopanda, utamu wote unapotea.

Mliowahi kufyatua: nikate uimbaji unapoisha, dakika ya tatu, upande wa pili ubebe tano, au twende inchi 12? Na ushuru wa forodha ulihesabiwaje kwenu mzigo ulipofika?