Sanda, muay thai au nibaki na ngumi? Nimetoka darasa la kwanza

Msukuma_Wuhan
Habarini wakuu. Nasoma Wuhan, China, mwaka wa pili. Nyumbani Mwanza nilicheza ngumi miaka miwili. Hapa chuoni kuna klabu ya sanda, ule mchezo wa Kichina wa ngumi, mateke na kuangushana, na ng'ambo ya barabara kuna jimu ya muay thai, ngumi na mateke za Kithai. Hela yangu inatosha sehemu moja tu. Jana nilijaribu sanda kwa mara ya kwanza.

Nilitegemea tuanze na begi. Badala yake, nusu ya kwanza ya darasa ilikuwa kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, pumzi itoke. Kisha kocha akaniambia nimpige teke la mbavu, taratibu. Akalibana, akanipiga mtama kwenye mguu niliosimamia, nikawa chini natazama taa. Sikuumia, alinishusha kwa adabu kabisa, ila tangu jana nawaza hilo tu. Kwenye ngumi sikuwahi kuujali ule mguu.

Waliocheza zaidi ya mchezo mmoja, mnanishauri nini?

Goti_la_Pwani
Mimi ni wa muay thai, mwaka wa tano sasa. Ndugu yangu, kama unataka kupigana kwa karibu, njoo huku. Tuna viwiko, tuna magoti, na mkishikana shingo refa anawaacha mfanye kazi. Sanda ya mashindano ya ridhaa haina viwiko wala magoti, na mkikumbatiana sekunde 2 bila mtu kuanguka mnaachanishwa. Tena teke letu la paja litakukomesha tabia ya kuulemea mguu wa mbele, ambayo mabondia wengi wanayo.

Mzee_wa_Leitai
Hayo ya viwiko ni kweli. Lakini tumweleze pia sanda inalipa nini, maana hapo ndipo tofauti ilipo. Ngumi ni alama 1. Teke la kiwiliwili au kichwa, alama 2. Ukimwangusha mwenzako wewe ukabaki umesimama, 2 vilevile. Kwa hiyo mtu hamwagi mateke ovyo: kila teke unalotupa ni mguu umemkopesha mpinzani. Jukwaa lenyewe, leitai, ni mita 8 kwa 8, limeinuka sentimita 80 na halina kamba. Ukisukumwa nje mara mbili katika raundi moja, raundi imekwenda. Nilipoanza Guangzhou nilizoea kurudi nyuma kama bondia, na huko nyuma hakuna kamba ya kukupokea. Ilinichukua miezi kujifunza kuzunguka.

Mikono unayo tayari, kaka. Wachina wengi niliofanya nao mazoezi walikuwa na mateke mazuri ya ubavu kuliko ngumi. Mtaazimana.

Mama_Twins_Kinondoni
Nilifanya sanda mwaka mmoja nikiwa masomoni Hangzhou, kabla ya kuolewa. Naomba niongeze jambo ambalo kaka zangu hawajaligusa: mwangalie kocha kuliko mchezo. Wangu alikataa nipigane na mtu yeyote wiki sita za mwanzo, na alinipanga na wa uzito wangu. Jimu nyingine niliyoijaribu ilinirushia mwanaume wa kilo themanini siku ya kwanza, nikatoka na goti lililovimba. Sikurudi. Kocha aliyekushusha kwa adabu, usimwache kirahisi.

La pili, fikiria utakaporudi. Ngumi utazikuta Mwanza. Mtu wa kukufundisha kuangusha utamtafuta sana.

Goti_la_Pwani
Dada amesema vizuri. Kwa kocha wa namna hiyo hata mimi ningekwenda. Muay thai waweza kuianza baadaye.

Msukuma_Wuhan
Ahsanteni sana. Nimeamua, nalipia muhula mzima wa sanda, Alhamisi narudi. Mzee wa Leitai, nina glovu zangu za ngumi za aunsi 12. Zitaniruhusu kudaka mguu, au ninunue nyingine?

Mzee_wa_Leitai
Zinatosha kwa mazoezi. Mguu haudakwi kwa kiganja, unabanwa kati ya mkono uliokunjwa na mbavu zako, kama ulivyobanwa wako jana. Hela hiyo nunua kinga ya meno na ya ugoko. Na kucha za miguu zikate kabla ya Alhamisi, mnacheza pekupeku.