Naomba ushauri: 2 Samweli 24 na 1 Mambo ya Nyakati 21

Baba Tumaini: Ndugu zangu, nafundisha darasa la vijana kanisani. Binti mmoja ameuliza kwa nini Samweli anasema hasira ya Mungu ndiyo iliyomsukuma Daudi kuwahesabu watu, ilhali Mambo ya Nyakati inamtaja Shetani. Je, somo hili niliahirishe?

Mama Rehema: Niliuliza swali la namna hiyo kwenye darasa la kipaimara, nikaamriwa kukaa chini. Nilikaa, na kwa miaka mingi sikufungua tena Agano la Kale. Usiahirishe.

Msomaji: Mambo ya Nyakati iliandikwa baada ya Wayahudi kurudi kutoka Babeli, na mwandishi wake hakunakili tu habari za kale, bali alizifafanua kwa watu waliohitaji kujua kwa nini hekalu lilisimama pale liliposimama. Ndiyo maana uwanja wa kupuria nafaka, ambao Daudi aliununua ili amjengee Mungu madhabahu, na ambao katika Samweli unanunuliwa pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, kwake unagharimu shekeli 600 za dhahabu, moto unashuka kutoka mbinguni, na Daudi anatamka kwamba hapo ndipo nyumba ya Mungu. Lakini wewe ulimjibu nini huyo binti?

Baba Tumaini: Nilimwambia kwamba mnakili alikosea. Ni binti yangu mwenyewe, ana miaka 14. Nilikuwa nailinda imani yake, na mzazi yeyote angefanya vivyo hivyo. Tayari nimemwomba mwenzangu afundishe somo jingine Jumapili.

Mchunguzi: Kisa hiki kimetungwa. Mtoto wa miaka 14 halinganishi vitabu viwili; huyu ni mwanachuo anayetafuta majibu ya insha.

Mama Rehema: Mimi nilikuwa na miaka 13 nilipouliza.

Msomaji: Hata kama kimetungwa, swali ni la kweli. Katika Danieli 9, Danieli anasoma miaka 70 aliyoitaja Yeremia, na malaika Gabrieli anamfafanulia kuwa ni majuma 70, ambayo wengi huyaelewa kuwa majuma ya miaka, yaani miaka 70 mara saba. Maandiko yenyewe yanatuonyesha mtu akisoma Maandiko ya kabla yake na kupewa maana mpya.

Baba Tumaini: Sikutunga. Alikuwa akiandaa somo la ibada ya nyumbani, na marejeo ya pembeni mwa Biblia yetu yakampeleka kule. Leo usiku nitakaa naye, nikianza kwa kukiri kwamba habari ya mnakili niliibuni. Ninaloliogopa ni swali litakalofuata: ikiwa mwandishi wa baadaye aliruhusiwa kufafanua, ni nani mwingine aliyeruhusiwa baada yake?