Nimepewa ngoma ya kuitikia kwenye kikundi. Utamu wake uko wapi?

Kasuku wa Mwanga
Habari za jioni wakuu. Nimejiunga na kikundi cha ngoma hapa Kigoma mjini, tunapiga ngoma za Kiha kwenye harusi na sherehe. Nimepewa ngoma ya kuitikia: pigo lile lile mwanzo mwisho, huku anayeongoza akijitanua atakavyo. Nimezoea gitaa la kanisani, kwa hiyo naona kama nimefungwa mikono. Mnaozijua hizi ngoma, mtu wa nyuma anapata raha gani? La pili: jua likizama ngoma yangu inalegea, inatoa sauti ya ndoo. Kila mara tunaipeleka motoni. Ni sawa?

Mzee wa Kasulu
Mwanangu, anayeongoza anajitanua kwa sababu wewe hutikisiki. Ngoma zetu na za ng'ambo ya mpaka ni ndugu, na Warundi kila kazi wameipa jina. Amashakwe zinashika pigo lisilokatika, ibishikizo zinafuata mwendo wa inkiranya, na hiyo inkiranya, ile ya katikati, ndiyo inayotoa amri. Nyingine zinaizunguka nusu duara ili kila mmoja amwone aliye katikati. Wewe uko kwenye amashakwe. Hilo si benchi la wageni.

Raha yake ijaribu hivi, hata kwa makofi. Hesabuni hadi 12 polepole, mkirudia. Mmoja apige 1, 4, 7 na 10. Mwenzake apige 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Mtakutana kwenye 1 na 7 tu, kwingine mnapishana. Mkitulia, masikio yataanza kusikia pigo jingine ambalo hakuna kati yenu anayelipiga, na hilo ndilo linalomwinua mtu kwenye kiti. Kulisikia huku mkono wako haubadiliki ndiyo raha yenyewe, na kwenye gitaa la peke yako huipati.

Watu wa gitaa mnapenda kupamba. Ukichomeka pigo moja la ziada, anayeongoza hajui tena 1 iko wapi, na wachezaji wanapoteza mguu. Ugonjwa mwingine ni kukimbia: vigelegele vikipigwa, mikono inaongeza kasi bila amri. Tazama miguu ya mchezaji, si fimbo zako. Fimbo nayo iache iruke yenyewe. Ukiikandamiza kwenye ngozi sauti inakufa na kiganja kinatoka malengelenge. Halafu imba. Kama huwezi kuitikia wimbo huku unapiga, pigo bado halijakuingia, hata kama mikono inaonekana sawa.

Fundi Ngozi
Nijibu la moto. Moto ni sawa, namna ya kuutumia ndiyo huua ngoma. Ngozi hunywa unyevu, na jioni za masika kando ya ziwa unyevu haukosekani. Washa majani makavu au maboksi, moto wa kuwaka na kuisha. Makaa hapana, joto lake ni kali na limetulia mahali pamoja. Elekeza ngozi motoni, umbali wa nusu mita hivi, uizungushe, uigonge kila baada ya muda mfupi usikie sauti ikipanda. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Ukisikia harufu ya nywele kuungua umeshapitiliza: ngozi iliyoiva haivutiki tena, itapasuka penye vigingi.

Ila kama hata kiangazi, mchana, bado inalegea, usilaumu unyevu. Iliwambwa vibaya, na hakuna moto utakaoiponya. Iwambe upya. Ngozi ya ng'ombe kwa ngoma kubwa, ya mbuzi kwa ndogo. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya kawaida mpaka ikunjike bila ubishi. Kata duara lizidi mdomo wa ngoma kwa upana wa kiganja kila upande, na mstari wa uti wa mgongo wa mnyama upite katikati kabisa. Piga kigingi cha kwanza, cha pili mkabala nacho, kisha viwili vya kukata msalaba, ndipo ujaze nafasi zilizobaki. Ukizunguka kwa kufuatana, ngozi inavutwa upande mmoja na ngoma moja inakuwa na sauti mbili. Ikauke kivulini siku 3 au 4. Juani inakauka juu huku chini bado mbichi, na vigingi vinararua matundu. Nywele nyoa kwa wembe ikishakauka.

Na msizilaze kwenye saruji. Mbao mbili chini zinatosha.

Kasuku wa Mwanga
Shikamoo Mzee, na asante Fundi. Kuna jingine: akina dada wawili wa kikundi wanataka kupiga, sio kucheza tu. Baadhi ya wazee wanasema ni mwiko.

Binti Ujiji
Burundi ni zaidi ya mwiko. Ngoma zao za kifalme ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kuzipiga. Kwetu Tanzania hakuna sheria hiyo, kwa hiyo ni suala la kikundi na wazee wake. Kama mnajisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mtahitaji katiba ya kikundi. Andikeni humo nani anaruhusiwa kupiga nini, na malipo ya harusi yanagawanywaje, maana ugomvi mkubwa huanzia hapo. Afisa utamaduni wa halmashauri atawaelekeza.

Wakati wazee wanatafakari, akina dada washike njuga. Wakanyage 1 na 7 za Mzee wa Kasulu. Zikiyumba hizo, kikundi kizima kinayumba, kwa hiyo si kazi ya kuwapooza. Wazifunge juu ya kifundo cha mguu na kitambaa chini yake, la sivyo vyuma vitawachubua kabla wimbo wa pili haujaisha.