Waamuzi wa kikapu: tuwadhibiti vipi wanaochelewesha mchezo sekunde za mwisho?

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaochezesha kwa kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu duniani).

Robo ya 4, zimebaki sekunde 8. Timu inayoongoza inafunga, na mpira ukishapita nyavuni mchezaji wao anaupiga kofi uende pembeni. Ndani ya dakika 2 za mwisho saa husimama kikapu kikifungwa, kwa hiyo haibi sekunde. Anachoiba ni nafasi ya wapinzani kuanza haraka kabla ulinzi haujajipanga.

Mara ya kwanza ni onyo. Kocha anaambiwa, na linaihusu timu nzima hadi mwisho wa mchezo. Mwenzake yeyote akirudia ni faulo ya kiufundi, mtupo huru 1. Kinachonisumbua ni hilo onyo lenyewe: nikipuliza kulitoa, walinzi wanarudi taratibu na mkosaji anapata alichokitaka.

Je, mnalitoa mapema, tangu robo ya 1, mara saa inaposimama baada ya mpira kuguswa hivyo? Mimi naona ndiyo haki, mradi timu zote mbili zipimwe sawa na waamuzi wenzako wawe na habari.

Kwenye kurusha mpira kutoka nje hakuna utata: dakika 2 za mwisho unaonyesha ishara ya kutovuka mstari wa mpaka kabla ya kumkabidhi mrushaji, mlinzi akivuka ni faulo ya kiufundi.

Na anayeinama kufunga kamba za viatu, au anayedai sakafu imelowa wakati ni kavu? Hapo mnampa muda gani kabla ya kuadhibu?