Gredi ya 5 wanapenda sana Tinga Tinga Tales: niyaingizeje mapenzi hayo katika Kiswahili na Sanaa?

Mwalimu_Gredi5

Walimu wenzangu, wasanii na wazazi, hamjambo.

Nina darasa la wanafunzi 40. Wakati wa mapumziko hakuna gumzo jingine ila Tinga Tinga Tales, ile katuni ya televisheni ya visa vya wanyama: nani anaiga sauti ya Kiboko, nani anaujua wimbo wa mwanzo. Nataka moto huo uingie darasani kwa muda wa wiki 2, upande wa Kiswahili (masimulizi na insha) na upande wa Sanaa. Nilivyo navyo ni hivi: vipindi vya dakika 35, simu moja, hakuna kompyuta, na bajeti ya kukusanya katoni madukani na kununua rangi chache.

Nina maswali matatu. Kwanza, kuna kama watoto 15 ambao hawajawahi kukitazama kipindi hiki kwa sababu nyumbani hakuna televisheni. Nifanyeje wasiachwe nje? Pili, hadithi zao zisiwe nakala ya walichokiona. Tatu, je, inawezekana kutengeneza katuni fupi kwa simu moja, au nijisahaulishe?

Fanani_Mkongwe

Mwalimu, nianze na hao 15, maana wakikaa vizuri wao, kazi yote imekaa vizuri.

Wapange wawiliwawili: aliyeona na asiyeona. Aliyeona anasimulia kisa kimoja kwa dakika 4, kwa mfano kwa nini Nyoka hana miguu au kwa nini Kiboko hana manyoya. Asiyeona hasemi kitu, anachora anachokisikia kwa penseli. Dakika 4 zikiisha, wanaweka mchoro mezani na kuulizana: Nyoka alikuwa na miguu mingapi? Alikuwa wapi? Nani alikuwa naye? Pale mchoro ulipobaki mtupu ndipo msimuliaji alipolipua kazi. Asiyeona anakuwa ndiye mkaguzi, na rafiki yake anagundua kwamba kupenda kisa si sawa na kukisimulia. Usiwaonyeshe video kabla ya zoezi hili. Ukishawaonyesha, picha za wote zitafanana.

Kuhusu hadithi yenyewe: visa vya kipindi hiki ni zile ngano za usuli tunazofundisha katika fasihi simulizi, zinazoeleza chanzo cha jambo. Zina mifupa minne, na mtoto wa Gredi ya 5 anaimudu yote: mnyama alivyokuwa zamani, alichokitaka au alichokosea, tukio lililombadilisha, na alivyo hadi leo. Kosa linaloua hadithi nyingi za watoto liko kwenye mfupa wa tatu. Wanaandika "basi siku moja akaanguka, shingo ikawa ndefu." Kuanguka kumetoka wapi? Badiliko lazima lizaliwe na tabia iliyotajwa mwanzoni. Kosa la pili ni kujibu "kwa nini" mbili ndani ya hadithi moja: mkia na masikio na sauti. Chagueni kimoja.

Ili wasinakili, kila kundi litafute swali kutoka uani kwa shule. Chukueni yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua ukutani. Kwa nini hutingisha kichwa? Jibu moja: zamani hakujua kusema hapana. Sungura akimwalika kulima, ndiyo. Kobe akimwalika harusini siku hiyohiyo, ndiyo. Siku ikafika, wote wakamjia pamoja, kila mmoja akauliza "si ulikubali?", naye akaitikia huyu, akaitikia yule, kichwa kikakataa kutulia. Mmeona? Kichwa kimetikisika kwa sababu ya tabia yake mwenyewe, si kwa ajali.

Wimbo usikosekane. Mfupi, wa kuitikiwa, unaorudi mara tatu:

Mjusi, utakuja? *Nitakuja!*
Mjusi, utaleta? *Nitaleta!*

Mara ya tatu hadhira inakuwa imeshaushika na inaitikia bila kuombwa. Msimuliaji anayesoma kwa utulivu hutumia maneno 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo hadithi ya dakika 2 ni takriban maneno 220 pamoja na wimbo. Wape kikomo hicho. Insha ya kurasa tatu haitasimulika.

Na waanze kwa "Paukwa!", darasa lijibu "Pakawa!". Televisheni haina anayeitika. Hapo darasa lenu linakishinda kipindi.

Brashi_na_Kadibodi

Naongeza upande wa uchoraji, na nianze na jina. Kwa kuwa tingatinga ni trekta, watoto wengine watakuchorea trekta, au watadhani mtindo wa uchoraji wa katuni hii umeitwa hivyo kwa sababu ya mashine. Jina ni la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972, yaani miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake ndio walioueneza mtindo, na ushirika wa wachoraji wa Tingatinga bado uko Oysterbay, Dar es Salaam. Katuni yenyewe ilichorwa Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz, pamoja na kampuni ya Uingereza iitwayo Tiger Aspect. Ilianza kuonyeshwa 2010, visa 52 vya dakika 11, na muziki wake una mkono wa mwanamuziki wa Kenya, Eric Wainaina. Waelezeni watoto hayo. Wanachokipenda kimetoka kwenye ubao wa dari uliopakwa rangi ya baiskeli, na kimechezeshwa na vijana wa Nairobi.

Ndiyo, ubao wa dari. Tingatinga alichora kwenye vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kwa 60, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa. Darasani msiitumie rangi hiyo. Harufu yake inaumiza kichwa, brashi zinataka tapentaini, na inachukua karibu siku nzima kukauka. Fanyeni hivi:

Kateni katoni vipande vya sentimita 30 kwa 30. Pakeni rangi nyeupe ya maji (ile ya ukutani) pande zote mbili. Nusu lita inatosha makundi 8 kwa mikono miwili. Ukipaka upande mmoja tu, upande huo unavuta ukikauka na katoni inajikunja kama chapati iliyoachwa juani.

Kwa rangi za kuchorea, rangi ya unga ndiyo nafuu, lakini peke yake ikikauka inatoka mkononi kama chaki. Kwa kila vijiko 4 vya rangi iliyokorogwa, tia kijiko 1 cha gundi nyeupe. Uzito uwe wa mtindi. Ukiinua brashi rangi ishuke polepole, isidondoke kama maji. Nunueni nyekundu, njano, buluu, nyeusi na nyeupe. Rangi ya machungwa ni njano 3 kwa nyekundu 1. Kahawia ni hiyo ya machungwa na tone la buluu.

Mandharinyuma kwanza, kabla ya mnyama. Pakeni njano juu na machungwa chini, na pale zinapokutana gongagonga kwa kipande cha sponji ya godoro wakati rangi zote bado mbichi. Iacheni ikauke hadi kesho. Kisha chora umbo kwa chaki, maana penseli huacha mfereji unaoonekana. Jaza mwili mzima kwa rangi moja, bila kivuli. Ukikauka, zungushia mstari wa nje kwa brashi nyembamba.

Nukta ndizo roho ya mtindo huu, na ndizo zinazoharibika zaidi. Usitumie ncha ya brashi, tumia kitako chake. Kitako kwa nukta kubwa, kichwa cha msumari kwa za kati, kijiti cha meno kwa ndogo. Chovya mara moja, gonga nukta tatu, chovya tena. Ukigonga sita, za mwisho zinakuwa vivuli. Zifuate umbo: anza mgongoni, shuka ubavuni kwa mistari inayopinda kama mwili unavyopinda. Watoto wakizitawanya ovyo, mnyama anaonekana ana surua. Nukta zikisambaa na kuwa madoa, basi mwili haukuwa umekauka. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa bado baridi, bado ina maji.

Kalamu za rangi za ncha nene zisitumike kuzungushia juu ya rangi ya unga. Ncha inajaa unga na kufa baada ya wanyama wawili.

Picha8_kwa_Sekunde

Mwalimu, katuni inawezekana, mradi upunguze ndoto. Mnasogeza kikaragosi kidogo, mnapiga picha, mnasogeza tena, na picha zikifuatana haraka kinaonekana kinatembea. Wengine watakuambia picha 12 kwa kila sekunde ya filamu. Kwa simu moja na makundi 8, zitoshe picha 8 kwa sekunde. Mwendo unakatika kidogo, lakini kwa vikaragosi vya karatasi unapendeza.

Hesabu ni hii: kila kundi sekunde 15, sawa na picha 120. Lakini nusu ya hizo ni mnyama amesimama anasikiliza, na programu ya simu ya kuunganisha picha, kama Stop Motion Studio, inakuruhusu kurudufu picha. Kwa hiyo za kupiga kweli ni kama 60. Watoto waliozoea hupiga 4 kwa dakika, maana yake dakika 15 kwa kundi. Makundi mawili kwa kipindi, vipindi vinne, mmemaliza filamu ya dakika 2.

Kikaragosi kikatwe vipande kwenye karatasi ya manila: kichwa, kiwiliwili, mkia, miguu. Mjusi wa Fanani anafaa sana kwa sababu anachohitaji kutikisika ni kichwa tu. Shingoni pitisha uzi, funga fundo mbele na nyuma. Uzi ukilegea kichwa kinateleza kutoka picha hadi picha na mjusi anaonekana amelewa. Ukikaza mno, ukigusa kichwa mwili wote unasogea. Kaza mpaka kichwa kibaki kilipo ukikiinua kikaragosi wima. Kuitikia kwa kichwa kamili ni picha 5: juu moja, katikati moja, chini mbili, katikati moja. Ile ya pili ya chini usiiruke, ndiyo inayompa uzito.

Simu ilale chali, kioo juu, kwenye rula mbili zilizolazwa kati ya marundo mawili ya vitabu yenye kimo cha sentimita 35 hivi, kamera ya nyuma ikitazama meza. Bandika mandharinyuma mezani kwa selotepu pembe zote nne. Kisha gusa kioo cha simu na ushikilie mpaka ionyeshe kwamba mwanga na fokasi vimefungwa. Usipofanya hivyo, kila mkono unapopita simu inajirekebisha, na filamu inamemeta kama taa mbovu. Dirisha nalo linamemetesha: wingu likipita, picha tatu zinakuwa nyeusi. Fungeni pazia, washeni taa, na mpiga picha avae nguo isiyo nyeupe, maana nyeupe inarudisha mwanga mezani.

Gawa kazi ndani ya kundi la watu 5: mmoja anasogeza, mmoja anapiga, mmoja anahesabu kwa sauti, mmoja anachunga vipande, mmoja anafuata hadithi kwa kidole. Anayesogeza aseme "mikono nje!" kabla ya kila picha. Vidole ndani ya picha ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Mwalimu_Gredi5

Asanteni sana, hii ni kazi ya mwezi lakini tutaibana. Swali la mwisho: midomo na sauti. Turekodi sauti kabla au baada? Na tunaweza kutumia wimbo wa kipindi mwanzoni?

Picha8_kwa_Sekunde

Sauti kwanza, kila mara. Ukianza na picha, mtoto atalazimika kuharakisha maneno ili yatoshe. Rekodini, kisha hesabuni: "Nitakuja" imechukua sekunde moja, basi ina picha 8.

Midomo ni rahisi kwa Kiswahili kuliko lugha nyingi, kwa sababu irabu zetu ni tano na kila moja ina umbo moja. Kateni midomo 6 midogo: a, e, i, o, u, na uliofumba kwa m, b na p. Ni-ta-ku-ja ni i, a, u, a, picha mbilimbili, jumla 8. Ibandikeni kwa gundi ya fimbo iliyokaukiakaukia ili ibanduke bila kurarua.

Kwa kurekodi, tafuteni chumba chenye vitambaa, au mtundikie blanketi mbili pembeni mwa darasa. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, isiwe mbele kabisa, la sivyo kila "p" inapasuka.

Fanani_Mkongwe

Wimbo wa kipindi uacheni, na wahusika wake vilevile, hasa ikiwa wazazi wataiweka filamu mtandaoni, vina wenyewe. Mtindo wa Tingatinga mnaweza kuutumia, hadithi ni yenu, na wimbo mnao tayari. Watoto 35 waitikie "Nitakuja!" kwa pamoja huku watano wakiimba swali. Rekodini mara tatu, kisha chukueni ya pili: ya kwanza wanaogopa, ya tatu wanapiga kelele.